Imani ya jirani inapokukera, je, amekutukana?

Mwaka 2000, mjini Morogoro, mhubiri mmoja wa Kiislamu alitamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Kwa kauli hiyo alikamatwa, akafikishwa mahakamani na kushtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Hakimu alimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miezi 18 jela.

Kauli iliyomfunga ni ile ambayo kila mtoto wa madrasa hufundishwa kabla hajajua kusoma vizuri. Sura ya Ikhlas, ambayo Waislamu huisoma katika swala zao kila siku, inatangaza kwamba Mungu ni mmoja na hana mtoto. Imo misikitini Kariakoo, imo katika msikiti wa mabati kule kijijini, imo midomoni mwa mama anayeswali peke yake chumbani. Kama kuitamka ni jinai, basi nchi hii ina wahalifu wengi mno, na magereza yetu hayawatoshi.

Hata hivyo, Mkristo aliyeisikia kauli ile huenda aliumia kweli, na simlaumu. Kwake Yesu ndiye aliyemfia msalabani na ndiye anayemwita usiku mtoto wake anapougua. Kusikia mtu akikana hadharani kwamba huyo ni mwana wa Mungu kunachoma. Lakini geuza upande wa pili. Kila Jumapili, katika maelfu ya makanisa, waumini husimama na kukiri Kanuni ya Imani, wakitangaza kwamba Yesu ni mwana wa pekee wa Mungu. Mara nyingi kipaza sauti kipo, na sauti inavuka ukuta mpaka kwa jirani. Kwa Mwislamu maneno hayo ni shirki, dhambi iliyo kubwa kuliko zote katika dini yake. Yeye pia anachomwa, na sijasikia kwamba padri yeyote wa Tanzania amewahi kufungwa miezi 18 kwa kuongoza Kanuni ya Imani. Wala hastahili kufungwa.

Waislamu wengi waliiona hukumu ya Morogoro kuwa ni uonevu wa wazi, na mwaka 2001 baadhi yao walitoka barabarani Dar es Salaam kudai mhubiri yule aachiwe. Mahakama Kuu ilipolipitia shauri, ilikipunguza kifungo kiasi cha mtu yule kutoka gerezani papo hapo, ila hatia yenyewe ikaiacha mahali pake. Wengi wetu hapo tungeshukuru Mungu, tukaenda nyumbani na kufunga mjadala. Yeye alikata rufaa. Alikwishatoka, mlango wa gereza ulikwishafunguliwa, lakini bado alikuwa mtu aliyetiwa hatiani kwa kusema anachokiamini, na kauli ile ilibaki kuwa kosa kwa yeyote ambaye angeitamka baada yake.

Mahakama ya Rufani, wakati huo chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilifuta hatia hiyo. Msingi wake ulikuwa Ibara ya 19 ya Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa imani na kuifanya kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa huru. Haki ya kuamini, kwa maana hiyo, inakwenda pamoja na haki ya kukitamka wazi kile unachokiamini bila hofu ya kuadhibiwa. Mtu anayetangaza mafundisho ya dini yake hawezi kuhesabiwa kuwa amekusudia kuumiza watu kwa sababu tu waliomsikia waliumia. Kwa maoni yangu, ni moja ya hukumu muhimu kabisa zilizotolewa na mahakama zetu juu ya namna ya kuishi pamoja, na inasikitisha kwamba nje ya vitivo vya sheria ni wachache wanaoijua.

Jambo ambalo hukumu hiyo inatulazimisha kulikabili ni gumu kidogo kulisema mbele ya watu, hasa kwa sisi tuliozoea kuambiwa kwamba dini zote zinafundisha kitu kimoja. Dini hazifundishi kitu kimoja. Zinakubaliana juu ya kumheshimu mzazi, kumsaidia yatima na kutoiba. Lakini juu ya nani ni Mungu, nani ni mtume, nani alikufa msalabani na nani hakufa, zinapingana moja kwa moja. Qur'ani inasema Isa hakusulubiwa. Ukristo bila msalaba hauna kitu. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho akikiri kwamba habari ya Kristo aliyesulubiwa ni kikwazo kwa Wayahudi na upuuzi kwa Wayunani. Alijua kwamba inakwaza, na akaendelea kuihubiri. Mlutheri anamkwaza Mkatoliki anapokataa kumwomba Bikira Maria. Msabato anamkwaza Mlutheri anapomwambia kwamba anasali siku isiyo yake. Mwislamu wa Ansar Sunna anamkwaza mwenzake anapomwambia maulidi ni bidaa. Na asiye na dini anawakwaza wote kwa kusema hakuna wa kuombwa.

Kukwazwa huko hakukwepeki. Ni gharama ya kuishi na watu wanaoamini tofauti na wewe huku wakiwa wakweli kwa imani zao. Familia zetu zinaijua gharama hiyo vizuri. Kuna nyumba ngapi hapa nchini ambazo shangazi ni Mkristo na baba mdogo ni Mwislamu, Idd pilau inakwenda upande ule na Krismasi vitumbua vinarudi upande huu, na msibani sheikh na mchungaji wanapanga kwa upole nani aanze? Nyumba hizo hazikai kwa amani kwa sababu watu wake wanaamini sawa. Shangazi anajua kabisa kwamba, kwa imani ya kaka yake, yeye amemshirikisha Mungu. Kaka naye anajua kwamba, kwa imani ya dada yake, wokovu wake una mashaka. Wanajua, na wanakula pamoja.

Kutukanwa ni jambo lingine kabisa. Katika jamii yetu tusi zito kuliko yote ni kumtukania mtu mama yake. Mtu akikuambia, “Mama yako si mama yangu,” amesema kweli yake na huna la kumfanya. Akimwita mama yako malaya mbele ya watu, amekusudia kukuvua utu wako, na hakuna anayehitaji kamusi ili alitambue hilo. Mwislamu anayesema Yesu si mwana wa Mungu yuko upande wa yule wa kwanza. Mkristo anayesema hamkubali Muhammad kuwa mtume naye yuko upande huohuo. Kwa maneno mengine, anasema tu kwamba yeye si Mwislamu, basi.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Muumini atasema: huwezi kunitenganisha na Mtume wangu, nampenda kuliko nafsi yangu, anayemgusa yeye amenigusa mimi. Mkatoliki atasema vivyo hivyo juu ya Mama Maria na Ekaristi. Wale wanaosema kirahisi kwamba mawazo hayana haki, ni watu tu wenye haki, hawajui imani inavyokaa ndani ya mtu. Ndiyo maana sisemi kwamba kila kitu kinaweza kusemwa juu ya vitu vitakatifu mradi hukumtaja mtu kwa jina. Kuna kumdhihaki Mtume ambako lengo lake pekee ni Mwislamu aliyesimama pale. Ninachosema ni kwamba mapenzi ya muumini kwa kilicho kitakatifu kwake hayawezi kumnyima mwenzake haki ya kutokiamini, na ya kueleza kwa nini hakiamini.

Tatizo letu Tanzania ni kwamba mambo haya mawili yaliingia jukwaa moja, jioni moja, mara nyingi kinywani mwa mtu mmoja. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha dini ilishamiri katika viwanja vya Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Mwanza na hata Ujiji. Mfano mkubwa uliowavutia wahubiri wa Kiislamu ulikuwa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2005, ambaye vitabu na kanda zake za midahalo na wahubiri wa Kikristo zilisambaa dunia nzima. Wahubiri wetu waliisoma Biblia wakaijua sura kwa sura. Walisimama uwanjani wakiwa nayo mkononi, wakasoma Marko, wakasoma Yohana, wakauliza: hapa Yesu anamwomba nani? Wakristo wa makundi ya uamsho nao wakajifunza Qur'ani, wakapanda jukwaani kujibu. Watu walijaa, kanda zikauzwa nje ya misikiti na kwenye vituo vya daladala.

Katika mambo hayo kulikuwa na kitu cha thamani, na nalisema hili nikijua halitawapendeza wengi. Mwananchi wa kawaida, fundi seremala au muuza samaki, alikaa juu ya ndoo akasikiliza hoja za theolojia na kuzipima kwa akili yake. Hakuomba ruhusa ya profesa yeyote.

Lakini pembeni ya hoja kulikuwa na kashfa. Mhubiri akiishiwa na aya, aliingia kwenye vichekesho: kuigiza jinsi watu wanavyopokea Komunyo, kuwabeza watawa wa kike, kuhesabu wake za Mtume kwa mzaha wa baa. Nadhani alama inayotofautisha vitu hivi viwili si ngumu kuiona. Anayejenga hoja anamhitaji mpinzani wake awepo, asikilize, ajibu, ikiwezekana ashawishike. Anayekashifu hamhitaji mpinzani. Anawahitaji watu wa upande wake wacheke. Ukiona mhubiri wa Kiislamu anazungumzia Ukristo na wanaofurahi ni Waislamu peke yao, au mwinjilisti anazungumzia Uislamu kwa namna ambayo hakuna Mwislamu angeweza kukaa hata dakika tano akasikiliza, hapo hoja imekwisha muda mrefu.

Na vitabu vyao vitakatifu havikuwaruhusu kukashifu. Sura ya Al-An'am, aya ya 108, inawakataza Waislamu kuwatukana wale wanaoombwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, na inatoa sababu: wasije nao wakamtukana Mungu kwa uadui na kutojua. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unamtaka Mkristo awe tayari kutetea tumaini lake, lakini kwa upole na heshima. Aya zote mbili zinachukulia kwamba ubishi utakuwepo.

Serikali kwa upande wake ilikosa subira ya kutenganisha. Ilipoanza kuzuia mihadhara ya kashfa, polisi ndio waliokuwa wa kwanza kuamua kashfa ni ipi, na Februari 1998 yakatokea ya Mwembechai. Polisi waliingia katika mzozo na waumini wa msikiti ule wa Dar es Salaam baada ya malalamiko kwamba wahubiri walikuwa wakiukashifu Ukristo, na watu waliuawa kwa risasi. Kitabu cha Hamza Njozi kuhusu mauaji hayo, kilichotoka mwaka 2000, kilipigwa marufuku nchini. Unaweza kubishana na kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa. Kukifungia kulifanya jeraha lioze ndani.

Sheria yenyewe ina busara kuliko wengi wanaoitumia. Vifungu vyetu vya makosa ya kidini, kuanzia 125 hadi 129, ni wajukuu wa sheria ya India. Mwaka 1837 tume iliyoongozwa na Mwingereza Thomas Babington Macaulay iliandaa rasimu ya kanuni ya adhabu kwa nchi ile yenye Wahindu, Waislamu, Makalasinga, Wakristo na wengine wengi. Ikawa sheria mwaka 1860, na baadaye Waingereza wakaileta huku kwetu. Tanganyika ilipopata Kanuni yake ya Adhabu mwaka 1930, sura ya makosa ya dini ilibaki na sura ya mababu zake. Macaulay na wenzake walieleza walichokitaka: kila mtu aachwe aifuate dini yake, mjadala wa dini upewe nafasi ya kutosha, ila mtu asijifiche nyuma ya mjadala huo kumtukana mwenzake kwa makusudi. Kwa hiyo kila kifungu kiliwekewa nia. Kifungu cha 125 kinamhukumu anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kitakatifu kwa nia ya kuitukana dini. Kifungu cha 129 kinadai kusudi la dhati la kuumiza. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe nia hiyo, na machozi ya msikilizaji peke yake hayaithibitishi.

Anayetaka kujua nini hutokea nia ikiondolewa, aitazame Pakistan, ambayo ilirithi kanuni ileile ya 1860. Miaka ya 1980, chini ya Jenerali Zia-ul-Haq, viliongezwa vifungu vipya, na mwaka 1986 kikaja kile cha kumkashifu Mtume, chenye adhabu ya kifo, ambacho maneno yake hayadai kusudi. Asia Bibi, mwanamke Mkristo aliyekuwa akifanya kibarua shambani Punjab, aligombana na wanawake wenzake mwaka 2009, ugomvi ulioanzia kwenye maji ya kunywa. Mwaka 2010 alihukumiwa kifo. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliyemtetea na kuikosoa sheria hiyo, aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Mahakama ya Juu ya Pakistan ilimwachia huru Asia Bibi Oktoba 2018, na mwaka uliofuata akaihama nchi yake. Ugomvi wa kikombe cha maji ulikula karibu miaka kumi ya maisha ya mama yule na kumuua gavana. Sheria isiyouliza nia haiwezi kutofautisha tusi, ugomvi wa majirani na uzushi wa mtu mwenye kinyongo.

Kwetu, kitu cha namna hiyo kilifanywa na umati, bila sheria yoyote. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, mmoja alidai kwamba anayeidhalilisha Qur'ani hupatwa na maajabu mabaya. Mwenzake, mvulana Mkristo wa miaka 14, akataka kuona, akaikojolea. Habari zilipoenea, watu walikwenda kituo cha polisi wakitaka wakabidhiwe mtoto. Polisi walikataa, na katika hili walifanya kazi yao. Umati ukageukia makanisa, ukavunja na kuchoma moto.

Sitaki kulipunguza lile tendo. Kwa Mwislamu, ambaye hata kuushika msahafu hutawadha kwanza, lilikuwa tendo la kutisha, na aliyelia siku ile alilia kwa haki. Lakini tukiuliza swali la sheria, swali la nia, tunapata nini? Watoto wanabishana, mmoja anamkamia mwenzake. Mtoto yule alikuwa anajaribu kama ni kweli. Alistahili wazazi wake waitwe, akemewe vikali, afundishwe. Waliokuwa na nia kamili ni wale waliobeba mawe na viberiti wakaenda kwenye nyumba za ibada za watu ambao hawakuwepo wala hawakujua lolote. Ukisoma kifungu cha 125 polepole, cha kuharibu mahali pa ibada kwa nia ya kuitukana dini, wao ndio waliokitimiza neno kwa neno. Tusi kubwa la Mbagala lilifanywa na waliosema wamekuja kulipiza tusi.

Yapo pia mambo ambayo hayana tusi hata chembe ila yameshatuletea damu. Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivunjwa Dar es Salaam na watu waliosema biashara hiyo inawakashifu Waislamu. Anayeuza kitimoto barabarani anamkera jirani asiyeila, moshi wa jiko unaingia mpaka barazani; mtu muungwana angechagua mahali pengine. Lakini anauza nyama kwa wanaoitaka. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja ulifikia kuuawa kwa mchungaji. Desturi ya siku nyingi ilikuwa mnyama wa kuuzwa bucha achinjwe na Mwislamu ili wote waweze kula, na desturi hiyo ilitulea vizuri. Wakristo walipotaka kuchinja wenyewe katika bucha zao, wengine wakaona wamedharauliwa. Hakuna dharau katika kuchinja ng'ombe wako na kumla. Dharau, tena na dhuluma, ni kumuuzia Mwislamu nyama hiyo ukimficha, na hilo lingeshughulikiwa na kibao cha shilingi elfu chache mlangoni mwa bucha.

Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, polisi wamewahi kuwakamata watu waliokuwa wakila hadharani mchana wa Ramadhani. Kula mbele ya mfungaji ni kukosa adabu. Nimeona Wakristo wengi bara wakificha chupa ya maji mwezi huo bila kuambiwa na mtu, na huo ndio ustaarabu ninaouonea fahari. Ila ustaarabu ukisimamiwa na pingu unapoteza ladha yake, na mfungaji hapati thawabu zaidi kwa sababu jirani yake amelala rumande.

Tunayo pia mila inayothibitisha kwamba maneno peke yake hayafanyi tusi. Msukuma na Mzaramo, Mhehe na Mngoni, ni watani. Msibani mtani anaweza kuja akamsema marehemu maneno ambayo akiyasema mwingine angepigwa, akazuia jeneza, akadai pesa, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Ametukana kila mtu na hakuna aliyekwazika, kwa sababu uhusiano unajulikana na kesho zamu itageuka. Marafiki wa dini tofauti nao hutaniana: huyu anamkaribisha mwenzake kitimoto, yule anamwambia mwenzake asilimu apate mke wa pili. Yachukue maneno hayohayo, yapandishe jukwaani mbele ya watu wasiojuana, ongeza spika mbili, na yanakuwa kashfa. Kilichobadilika ni nia na undugu uliokuwa nyuma ya maneno.

Hilo ndilo linalonitia hofu juu ya zama hizi za simu. Zamani ukuta wa msikiti na wa kanisa ulikuwa na kazi. Sheikh akiwafundisha waumini wake kwa nini hawakubali Utatu alikuwa akizungumza na watu wake, na mchungaji vivyo hivyo. Sasa kipande cha sekunde arobaini kinakatwa kutoka katika hotuba ya saa mbili, kinabandikwa maneno ya uchochezi juu yake na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp kwa watu ambao hawakukusudiwa. Mafundisho yanafika yakiwa yamevuliwa mazingira yake, na yanapokelewa kama tusi. Kibaya zaidi, wapo wanaojua kwamba matusi yanavuta watazamaji kuliko hoja, na wanayatengeneza kwa ajili hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtukana mtu kupitia kompyuta kwa misingi ya rangi, asili au dini yake. Inamlinda mtu. Itumike hivyo, dhidi ya anayewaita waumini wa dini fulani wanyama au kutaka wafukuzwe mtaani, na isigeuzwe kuwa rungu la kumpiga kijana aliyeandika kwamba haamini miujiza ya nabii fulani wa mjini.

Kwa maofisa wa polisi na waendesha mashtaka ombi langu ni moja. Mtu akiletwa kituoni kwa madai ya kuikashifu dini, kabla ya kuandika hati ya mashtaka, pata maneno yote aliyoyasema, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha jiulize kama ni jambo ambalo dini yake, au kutokuwa kwake na dini, kunamfundisha kuamini. Kama ndiyo, na amelisema bila kumdhalilisha mtu, mrudishe nyumbani na uwaeleze waliomleta kwa nini.

Kwako msomaji: ukikwazwa na imani ya mwenzako, una haki ya kumjibu kwa sauti, una haki ya kuondoka, una haki ya kukasirika. Huna haki ya kumfanya mhalifu. Ukitukanwa kweli, nenda ukashtaki, na usisambaze video ya tusi hilo kwa watu mia mbili ukidai unailinda dini yako, maana utakuwa umelifikisha mahali ambapo mtukanaji mwenyewe asingefika.

Mzigo mkubwa zaidi uko kwa viongozi wa dini, kwa sababu wao wanasikilizwa. Viongozi wetu ni wepesi wa kulaani tusi linalotoka ng'ambo, na wazito wa kulaani lile linalotoka katika mimbari yao. Sheikh anapomnyamazia mhubiri wake anayewabeza Wakristo, na askofu anapomnyamazia mwinjilisti wake anayemkejeli Mtume, wanawaachia polisi kazi ambayo polisi hawajawahi kuiweza. Mkemeeni mtu wenu wenyewe, mumkemee hadharani, siku ileile aliyotukana, na jirani yenu asikie mkifanya hivyo.